Jibu la Mtaalamu: Kuhesabu Vipepeo wa Milima ya Uluguru kwa Namna Inayoweza Kurudiwa

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari iliyo upande wa Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru. Nina wanafunzi wa klabu ya mazingira na vijana wawili wa kijijini wanaoijua misitu hadi juu kwenye uwanda wa Lukwangule. Tunataka kuorodhesha spishi za vipepeo kuanzia mashambani hadi kileleni. Fedha tulizonazo ni kidogo. Tuanzie wapi, tutumie mbinu gani, na tutajuaje kwamba orodha yetu imekamilika?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali hili, na nimefurahi kuona kazi ya namna hii inaanzishwa na watu wanaoishi mlimani kwenyewe. Kabla sijagusa mitego na nyavu, naomba tukubaliane juu ya lengo, kwa kuwa ndilo litakaloamua kila kitu kingine. Orodha ndefu ya majina inapendeza, lakini peke yake haimsaidii sana atakayekuja baada yenu. Kinachohitajika ni hesabu inayoweza kurudiwa, yaani mtu mwingine, hata baada ya miaka 30, aweze kusimama mahali palepale, katika msimu uleule, akatumia mtego wa aina ileile kwa muda uleule, kisha akalinganisha alichokipata na mlichokipata ninyi. Tanzania ina spishi za vipepeo zaidi ya 1,000, na wengi wao wamekwisha kutajwa katika vitabu. Kinachokosekana kwa milima yetu mingi ni kumbukumbu za nani alionekana katika mwinuko gani, na kwa juhudi kiasi gani.

Faida ya kumbukumbu za aina hiyo imeonekana katika Mlima Kinabalu, kwenye jimbo la Sabah nchini Malaysia. Mwaka 1965 watafiti walikamata nondo, ndugu wa vipepeo ambao wengi huruka usiku, mlimani humo katika vituo vilivyopangwa kwa kufuata mwinuko. Mwaka 2007, miaka 42 baadaye, watafiti waliurudia mlima uleule kwa mbinu ileile, wakakuta kwamba spishi, kwa wastani, zilikuwa zimehamia juu kwa mita 67. Matokeo hayo yasingepatikana kama wale wa kwanza wangeandika tu kwamba nondo fulani “yupo Kinabalu.” Uluguru inahitaji kumbukumbu kama hizo kuliko milima mingi, kwa sababu nafasi ya kupanda ni ndogo. Kilele cha Kimhandu kina takribani mita 2,630, na uwanda wa Lukwangule uko juu ya mita 2,400, tena sehemu yake kubwa ni nyasi. Kipepeo wa msituni anayeishi leo kwenye mita 2,300 hana msitu mwingi juu yake wa kukimbilia joto likiongezeka, na hawezi kuvuka bonde kavu lenye joto hadi milima ya Ukaguru au Nguru. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ni visiwa vya msitu vilivyotengana kwa muda mrefu sana, na ndiyo maana kipepeo Cymothoe teita hapatikani popote duniani ila Taita.

Basi anzeni kwa kuchagua vituo. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi joto 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo tofauti ya mita 300 kati ya kituo na kituo inatosha kuonyesha mabadiliko ya spishi bila kuwachosha wanafunzi. Kwa upande wenu wa Mgeta, kituo cha kwanza kiwe katikati ya mashamba ya mboga, cha pili kwenye mpaka wa shamba na msitu, na vinavyofuata viwe ndani ya msitu hadi kwenye ukingo wa Lukwangule. Msivikwepe vituo vya mashambani kwa kudhani havina maana. Kipepeo Papilio demodocus, ambaye viwavi wake hula majani ya milimao na michungwa, atawajaa huko, na ni muhimu kumjua vizuri ili siku mkimwona juu kwenye uwazi wa msitu mjue kwamba ameletwa na ufyekaji, wala msimhesabu miongoni mwa wenyeji wa msitu.

Kama mtapata usafiri hata mara chache, ningependa sana muongeze kituo kimoja katika msitu wa Kimboza, chini ya milima kwa upande wa mashariki, ambao uko kwenye miamba ya chokaa katika mwinuko wa mita 300 hadi 400 hivi. Huo ndio msitu anamoishi mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, na ni miongoni mwa mabaki machache ya misitu ya chini ambayo zamani iliungana na ile ya mlimani. Miteremko ya mashariki hupokea mvua nyingi zaidi kutoka Bahari ya Hindi kuliko upande wenu, kwa hiyo msichanganye data za pande hizo mbili katika jedwali moja. Mita 1,500 za mashariki na mita 1,500 za Mgeta ni mazingira mawili tofauti.

Kuhusu vifaa, mtego unaowafaa ulitengenezwa hapahapa Afrika Mashariki, nao unaitwa Van Someren-Rydon kwa majina ya walioubuni. Ni mfuko wa wavu wenye umbo la silinda, kipenyo chake kama sentimita 30 na urefu kati ya sentimita 60 na 90, uliofungwa juu na kuachwa wazi chini. Chini yake inaning’inizwa sahani au ubao wenye chambo, pakiachwa upenyo wa sentimita 3 hadi 5. Kipepeo huingia kwa kutembea juu ya sahani, hula, na akitaka kuondoka huruka kwenda juu kuelekea kwenye mwanga, akabaki ndani. Mshonaji wa kijijini anaweza kuushona kwa kitambaa cha chandarua na pete mbili za waya. Lakini hapa pana hatari ambayo wengi hawaifikirii: vyandarua vingi vinavyogawiwa nchini vimewekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo huua vipepeo pia. Nunueni kitambaa cha wavu kisicho na dawa, hata kama chandarua cha bure kipo nyumbani.

Chambo ni ndizi mbivu kabisa zilizopondwa, zikachanganywa na sukari kidogo au pombe ya kienyeji, zikaachwa kwenye ndoo kwa siku 2 au 3 hadi zichachuke. Ndoo isijazwe wala isifungwe kwa kukaza, kwa sababu gesi itaifumua. Chambo cha vituo vyote kitoke kwenye ndoo moja, kiwe na umri uleule, na kila sahani ipimiwe kwa kijiko au kikombe kilekile. Chambo kikali zaidi katika kituo kimoja kitawaongezea vipepeo wa kituo hicho, nanyi mtadhani ni kazi ya mwinuko. Kila kituo kiwe na mtego mmoja ulio mita 1 kutoka ardhini na mwingine kwenye matawi ya juu, mita 10 au zaidi. Kamba ya huo wa juu hupitishwa kwenye tawi kwa kurusha uzi mwembamba wenye jiwe kwa manati, kazi ambayo vijana wenu wataiweza kuliko mtafiti yeyote kutoka chuoni. Mtego wa chini utawapa hasa vipepeo wa kahawia wa jenasi Bicyclus wanaoruka karibu na majani makavu, na ule wa juu utawapa Charaxes wenye mbio na nguvu. Mkiweka wa chini peke yake, nusu ya msitu itakuwa nje ya hesabu yenu.

Adui mkubwa wa mitego hii ni siafu na sisimizi. Siafu wakiifikia kamba usiku, asubuhi mtakuta mabawa tu kwenye sahani. Pakeni grisi kwenye kamba, hakikisheni hakuna jani wala tawi linalogusa mfuko, na kagueni mitego kila siku, ikiwezekana asubuhi na alasiri. Kila kipepeo aliyetambuliwa awekwe alama ndogo kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa chini wa bawa, kisha aachiliwe, ili akirudi kesho asihesabiwe kuwa mpya.

Mitego ya ndizi, hata hivyo, huwakamata wapenda matunda tu. Jamii za Papilio, vipepeo weupe na wa njano wa familia ya Pieridae, na wale wadogo wa buluu wa familia ya Lycaenidae hawatakuja kwenye ndizi. Hao wahesabiwe kwa kutembea. Mbinu inayotumika karibu kote ni ile iliyoasisiwa na Ernest Pollard nchini Uingereza katika miaka ya 1970: njia isiyobadilika, mwendo wa polepole usiobadilika, na kuhesabu vipepeo walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yako, bila kumfuata aliye nje ya mipaka hiyo hata kama ni mzuri namna gani. Kwenu ningependekeza njia ya mita 500 katika kila kituo. Mmoja atazame, mwingine aandike. Mkitaka kumkamata kipepeo kwa wavu ili kumtambua, simamisheni saa, mtambueni, kisha mwendelee.

Muda wa siku ni jambo la kulishikilia kwa nguvu. Juu ya mita 2,000 kipepeo huruka jua likiwaka tu. Wingu likipita hutua na kufunga mabawa, na mtu anaweza kutembea mita 500 akaandika sifuri mahali ambapo nusu saa baadaye angehesabu kadhaa. Kwa kuwa ukungu wa Uluguru hupenda kufunika msitu kuanzia mchana, fanyeni matembezi kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, na katika daftari muandike joto la hewa mwanzoni na mwishoni, hali ya upepo, na dakika ngapi jua lilikuwa wazi. Sifuri iandikwe. Matembezi yasiyo na kipepeo yana thamani sawa na yale yaliyojaa, mradi hali ya hewa ilikuwa nzuri na imeandikwa. Baadhi ya vipepeo wa familia ya Hesperiidae huruka alfajiri na jioni giza linapoingia, kwa hiyo siku mnazolala kambini tengeni muda kidogo wa kukaa kimya karibu na maua wakati huo.

Pana sehemu mbili ambazo hazimo katika njia zenu na ambazo lazima mzitembelee. Ya kwanza ni kingo za Mto Mgeta na vijito vyake penye mchanga na tope, ambako madume hukusanyika kufyonza chumvi. Mkojo uliomwagwa kwenye mchanga huo huwaita zaidi. Ya pili ni vilele na migongo ya milima iliyo wazi, ambako madume ya spishi nyingi hupanda kungoja majike, wakiwamo wale wanaoishi juu ya miti mirefu na ambao hutawaona ndani ya msitu. Kumbukumbu za sehemu hizi ziandikwe kwenye ukurasa wa pekee. Zinaongeza majina katika orodha, ila haziingii katika hesabu ya kulinganisha vituo.

Msimu nao hauna mjadala mrefu: miezi mizuri ni ile inayofuata vuli, Desemba hadi Februari, na mwisho wa masika, Mei na Juni. Mkiweza kwenda mara moja tu kwa mwaka, chagueni kipindi kimoja mkishike mwaka hadi mwaka. Mkiweza mara mbili, ongezeni kiangazi, kwa sababu itakayoelezwa sasa hivi.

Kutambua spishi ndiko kutakakowasumbua kuliko kupanda mlima, na hapa nakuomba uwe mkali kwa wanafunzi. Bicyclus safitza aliyekua wakati wa mvua ana madoa makubwa yenye umbo la macho upande wa chini wa mabawa. Aliyekua wakati wa ukame ana madoa madogo sana au hana kabisa, akafanana na jani kavu. Ni spishi moja, na anayewaona kwa mara ya kwanza ataandika mbili. Wagumu zaidi ni Papilio dardanus. Dume ni wa rangi ya krimu mwenye mikia, naye hamkosei mtu. Majike ya Afrika Mashariki hayana mikia, na yana sura kadhaa, kila moja ikiiga kipepeo mwingine mwenye sumu: wako wanaofanana na Amauris niavius mweusi na mweupe, na wako wanaoelekea rangi ya chungwa ya Danaus chrysippus. Mwanafunzi makini anaweza kuondoka na spishi nne kutoka kwa spishi moja. Mkiwa na shaka, mwacheni kipepeo asimame ndani ya mtungi wa kioo mhesabu miguu anayokanyagia. Papilio husimama kwa miguu 6, ilhali Amauris na Danaus husimama kwa 4, kwa kuwa jozi ya mbele imekuwa midogo na imekunjwa kifuani. Kipimo hiki hakitafaa kwa jike la Hypolimnas misippus, ambaye pia humwiga Danaus chrysippus na pia husimama kwa miguu 4. Huyo mtazameni bawa la nyuma, kwani ana doa moja jeusi kwenye ukingo wa mbele, ambapo Danaus ana madoa 3 au 4 yaliyo katikati ya bawa.

Kwa hiyo kila kipepeo apigwe picha mbili, juu na chini ya mabawa. Picha ya juu peke yake huwa haitoshi. Kwa majina, kitabu cha Jan Kielland cha mwaka 1990 kuhusu vipepeo wa Tanzania bado ni msingi, ingawa baadhi ya majina yamebadilika tangu kilipochapishwa. Wale wasiotambulika kwa picha, hasa Lycaenidae na Hesperiidae, hutambuliwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini au kwa vinasaba, na hao tu ndio ningekubali wachukuliwe sampuli, mmoja au wawili kwa kila aina. Sampuli huuawa kwa kubanwa kifuani kwa vidole, hutiwa katika bahasha ya pembetatu ya karatasi laini, na juu ya bahasha huandikwa kwa penseli tarehe, kituo, mwinuko, namba za GPS na jina la mkusanyaji. Mguu mmoja ukiwekwa ndani ya alkoholi kali katika kichupa kidogo, utafaa kwa uchunguzi wa vinasaba baadaye. Unyevu wa Uluguru huotesha ukungu kwenye sampuli kwa muda mfupi, basi wekeni bahasha kwenye boksi linalofungwa vizuri lenye vifuko vya silika, vile vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Msichukue sampuli yoyote kabla ya kupata kibali. Misitu ya juu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, nayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anzeni kwa barua kwa mhifadhi na kwa serikali za vijiji mtakavyopita. Kazi ikivuka mafunzo ya wanafunzi ikawa utafiti, hasa wenye ukusanyaji wa sampuli, vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) vitahusika. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini, na mshirika kutoka huko atawarahisishia taratibu hizo pamoja na hadubini. Katika vijiji vya Waluguru waulizeni wazee mapema ni sehemu zipi za msitu zenye miiko, na njia zenu zipite mbali nazo.

Sasa nijibu swali lako la mwisho. Orodha haikamiliki, lakini mnaweza kukadiria mmebakiza kiasi gani. Mtaalamu wa takwimu Anne Chao alitoa mwaka 1984 kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari wataimudu. Hesabuni spishi zilizoonekana mara moja tu, na spishi zilizoonekana mara mbili tu. Chukueni idadi ya kwanza, iwekeni kwenye kipeo cha pili, gawanyeni kwa mara mbili ya idadi ya pili, na jibu mlijumlishe na spishi zote mlizoziona. Tuseme kituo kimoja kimewapa spishi 86, na kati yake 20 zimeonekana mara moja na 8 mara mbili: 400 gawanya kwa 16 ni 25, kwa hiyo makadirio ya chini ni spishi 111, na bado mna kazi. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila kituo peke yake. Kituo ambacho spishi za mara moja zimepungua hadi kubaki chache kinaweza kupunguziwa siku, na siku hizo zihamishiwe juu, ambako mawingu yatakuwa yamewanyima saa nyingi za kazi.

Spishi za mara moja zichunguzwe pia kwa jicho jingine. Catopsilia florella, kwa mfano, husafiri kwa makundi na anaweza kuvuka Lukwangule bila kuwa mkazi wake. Anayethibitisha ukazi ni yai au kiwavi kwenye mmea wake wa chakula. Hiyo ndiyo sehemu ninayotamani klabu yako iifanye kwa bidii zote, kwa sababu watafiti wanaokuja kwa siku chache hawawezi kuifanya. Viwavi wafugwe shuleni katika ndoo zenye wavu juu, kila mmoja kwa majani ya mmea uleule aliokutwa nao, na tawi la mmea huo lipelekwe kwa mtaalamu wa mimea likiwa na ua au tunda lake. Mnaweza kujizoeza na viwavi wa Papilio demodocus kutoka kwenye mlimao wa shule, ambao wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege.

Madaftari yapigwe nakala kila mnaporudi, moja ibaki shuleni, moja ipelekwe ofisi ya hifadhi na moja chuoni, zikiambatana na picha za kila kituo zilizopigwa kuelekea pande nne, pamoja na maelezo ya mti au mwamba uliotumika kuwa alama ya mwanzo wa njia.